UZI: Bonde la Napa walikataa viwanja mwaka 1968, sisi bonde la Kasese tunalikata 50 kwa 100 kila siku

BondeLetu_KSE (mleta uzi)

Wadau habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, lakini kama ukoo wenu una hata ekari mbili za urithi mahali naomba usome wote.

Mi ni mtu wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Niliwahi kukaa California mji wa Vallejo, kusini tu ya bonde la Napa, nikawa naendesha lori la kubeba zabibu kila msimu wa mavuno. Sasa niko nyumbani, na kinachoniuma ni hiki: hii barabara yetu ya kwenda Hima na ile ya kwenda Mpondwe, kila ukipita kuna shamba la pamba au mahindi limepigwa vigingi, kesho yake kibao kimesimama, futi 50 kwa 100, hati ipo, bei maelewano. Udongo ambao mito ya milima ya Rwenzori imeushusha miaka na miaka unamwagiwa moramu juu na kujengewa mizigo, yaani vyumba vya kupangisha, na hakuna anayeuliza. Ndio maana nataka niwaambie Napa walifanya nini maana na wao walikuwa kwenye njia hiyo hiyo.

Kwanza mjue bonde lenyewe si kubwa. Urefu kama kilomita 48, upana penye upana zaidi kama kilomita 8 na kwingine hata 2 hazifiki. Magharibi milima ya Mayacamas, mashariki milima ya Vaca, katikati mto Napa unateremka kusini mpaka ghuba ya San Pablo. Na kusini ndiko baridi, kaskazini kule Calistoga ndiko joto, wageni karibu wote wanadhani kinyume. Ni kwa sababu ya ukungu, unaingia usiku kutoka ghubani unalala juu ya mizabibu mpaka asubuhi jua likishapanda ndio unarudi baharini, kwa hiyo zabibu inapata joto mchana na baridi usiku, inaiva polepole bila kupoteza ule ukali wake. Bonde hilo linatoa kama asilimia 4 tu ya zabibu za divai za California, lakini mwaka 2022 tani moja ya Cabernet Sauvignon ya pale, aina ya zabibu nyekundu, iliuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 8,000. Tani moja!

Sasa msidhani ilikuwa hivo tangu zamani. Marufuku ya pombe ya 1920 mpaka 1933 iliua biashara nyingi za divai, na hadi miaka ya 1960 bonde lilikuwa na miplamu, walnati, ng'ombe, na zabibu kiasi. Mashamba ya plamu hayalipi, San Francisco haiko mbali, mabroka wakaanza kuja. Na watu wa Napa walikuwa na mfano mbele ya macho, bonde la Santa Clara, upande wa pili wa San Francisco. Lile lilikuwa bonde la matunda hasa, plamu na aprikoti maili kwa maili, udongo wa daraja la kwanza kabisa. Likakatwa viwanja, zikaja nyumba, barabara, viwanda, leo ndio Silicon Valley. Pesa iko nyingi pale sikatai, lakini miaprikoti imebaki ya kuonyesha watoto.

Napa wakasema hapa hapana. Mwaka 1968 baraza la kaunti likapitisha sheria ya hifadhi ya kilimo, ya kwanza ya aina yake Marekani nzima. Kabla ya hapo mtu aliruhusiwa kukata ardhi mpaka ekari 1. Sheria ikasema kwenye sakafu ya bonde hakuna kipande chini ya ekari 20, na mwaka 1979 wakapandisha ikawa 40. Milimani ni 160. Baadhi ya wenye ardhi walipinga vikali, wakaenda mpaka mahakamani, maana waliona wanazuiwa utajiri. Wenye viwanda vya divai kama Jack Davies wa Schramsberg na Louis Martini ndio walisimama kuitetea, na kumbukeni wakati huo divai ya Napa ilikuwa haijapata jina kubwa duniani.

Naendelea chini.

BondeLetu_KSE

Miaka miwili baada ya ile sheria, 1970, mtu anaitwa Warren Winiarski akanunua shamba upande wa mashariki wa bonde, sehemu kubwa ilikuwa miplamu. Akang'oa akapanda Cabernet. Zabibu za mwaka 1973, mizabibu ikiwa bado midogo kabisa, ndio zilitoa divai iliyopelekwa Paris 1976 kwenye lile shindano la kuonja bila kuona chupa. Waonjaji wote waliohesabiwa walikuwa Wafaransa, na divai yake ya Stag's Leap ikashika nafasi ya kwanza kwa nyekundu, Chateau Montelena nayo ya Napa ikashika ya kwanza kwa nyeupe. Sasa fikirini, lile shamba lingekuwa tayari limekatwa viwanja mwaka 1969 angenunua nini? Hii ndio point yangu yote. Hawakulinda bonde kwa sababu lilikuwa tajiri, walililinda likiwa halina kitu, utajiri ukalikuta bado lipo.

Na hawakuacha mikononi mwa wanasiasa. Mwaka 1990 wananchi walipiga kura kwamba ardhi ya kilimo isibadilishwe matumizi mpaka wananchi wenyewe wapige kura, muda wake ukaenda mpaka 2020, na 2008 wakaongeza tena mpaka 2058. Kiongozi akitaka kumpa rafiki yake kibali cha kujenga estate katikati ya mizabibu hana hiyo nguvu.

MamaWaHima

Kaka nimesoma yote na nakuheshimu, ila ngoja nikwambie kitu. Marehemu mzee wangu aliacha ekari tatu. Watoto tuko saba. Mimi fungu langu niliuza plot mbili, moja ikalipa ada za shule, nyingine ikalipa hospitali mama alipougua. Serikali ingekuja kusema usikate chini ya ekari 20 mi ningefanya nini? Huko kwa wazungu mtu ana ekari 200, hapa kwetu plot ndio benki yetu. Sheria ya namna hiyo hapa ni kumfunga mtu mikono alafu unamwambia lima.

BondeLetu_KSE

Dada MamaWaHima asante sana, swali lako ndilo nilikuwa nalisubiri na halina jibu jepesi. Ekari 20 Kasese haiwezekani, tusidanganyane. Lakini angalia vitu viwili. Kwanza sheria yao haikukataza kuuza, ilikataza kukata. Unauza shamba kama shamba, mnunuzi analipa bei ya shamba. Pili hawakumwacha mkulima mikono mitupu, California ina sheria ya 1965 inaitwa Williamson, mwenye ardhi anafunga mkataba wa miaka 10 na kaunti kwamba atalima tu, na kodi yake ya ardhi inahesabiwa kwa mapato ya kilimo, sio kwa bei ambayo broka angelipa. Yaani ukimzuia mtu unampa kitu mkononi. Hapa kwetu mwenye kubaki na shamba anapewa nini? Hakuna. Barabara ya vumbi, maji ya kunyweshea mpaka uwe ndani ya skimu ya Mubuku, bei ya pamba anaamua mwingine. Mi nisingemlaumu yeyote aliyeuza kwa ajili ya hospitali ya mama, hasira yangu iko kwa mwenye ekari 60 anayezipima zote kwa mpigo na hana shida ya ada.

Mgogo_Hombolo

Habari za Uganda ndugu zangu. Mi niko Dodoma, Tanzania, familia yetu inalima zabibu. Naona huu uzi unanihusu. Kama kuna anayefikiria kupanda mizabibu huko Kasese mfano wenu uko Dodoma kabla ya Napa, maana Napa wana majira ya baridi na sisi hatuna. Kule mzabibu unapukutisha majani unalala wenyewe miezi ya baridi. Kwetu haulali. Unaulazimisha kwa kupogolea, unakata matawi yote unaacha vijicho viwili vitatu, unazuia maji kidogo, ukiamka unatoa maua, na kama miezi minne mbele unavuna. Ndio maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza mwezi wa tatu hivi na mengine mwezi wa nane kwenda wa tisa. Wamisionari Wakatoliki walianza pale Bihawana kabla ya uhuru, ikaenea mpaka Hombolo, Mpunguzi, Chamwino. Aina kubwa ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe.

Kinachotusaidia ni ukame. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kama milimita 600 kwa mwaka au chini. Nyie wa Uganda wengi mna misimu miwili, hapo ndio kazi. Mvua ikikuta maua, maua yanaanguka; ikikuta matunda yameiva, zabibu zinapasuka na ubwiri unamaliza shamba. Kwa hiyo Kampala, Mukono, Masaka sahauni kwa divai ya maana, labda mti mmoja wa uani wa kula watoto. Kasese chini ya mlima pale penye kivuli cha mvua, yaani mlima unapozuia mvua, angalau kuna la kujadili.

Na hili la viwanja ssebo (nimejifunza neno lenu) ni kweli hata kwetu. Tangu serikali ihamie Dodoma kwa nguvu kuanzia 2016 mji umetanuka sana na ardhi ya kando ya mji imepanda bei. Mwenye shamba la zabibu karibu na mji anapiga hesabu: mwaka huu kiwanda kimechelewa kununua, zabibu zimeozea shambani, na hapo nje kuna mtu na pesa taslimu anataka kiwanja. Unadhani atachagua nini? Kilichotusaidia kidogo ni kwamba divai yenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru mdogo kuliko ya nje, na wakulima wengine wameanza kukamua wenyewe wanauza mchuzi wa zabibu badala ya kupanga foleni na kreti mpaka zioze. Shamba lisipolipa hakuna sheria itakayolilinda.

Bombo_Tulivu

Salaam aleikum. Naomba niulize bila ugomvi. Mbona tunahangaika na mazao ya pombe? Sisi wengine ni Waislamu, Uganda hii waragi na tonto zimeshamaliza vijana wa kutosha. Bonde likilindwa lilindwe kwa chakula.

BondeLetu_KSE

Waaleikum salaam sheikh. Uko sawa kabisa na mi sijaja kuwauzia divai. Sheria ya Napa yenyewe inasema kilimo, haisemi zabibu. Watu wakachagua zabibu kwa sababu ndio zao lililolipa baadaye. Sisi la kwetu laweza kuwa mahindi ya mbegu, vitunguu, maembe, au zabibu za kula mezani kama wanavyofanya bonde la Hex River kule Afrika Kusini, karibu lote ni zabibu za mezani zinapakiwa kwenye makontena kwenda Ulaya. Mi ninalolia nalo ni udongo. Ukishamwaga zege hakuna mahindi wala zabibu.

Arua_Kijana

Mzee wewe umefanya kazi kule, tuambie ukweli wa wafanyakazi. Maana picha za hayo mabonde ni watalii na glasi mkononi, wanaovuna hatuwaoni.

BondeLetu_KSE

Umeuliza la maana. Huwaoni kwa sababu wanavuna usiku. Saa nane, saa tisa za usiku trekta inaingia na taa kubwa, watu wana taa za kichwani, kila mmoja kisu kidogo kilichopinda na beseni la plastiki analolisukuma kwa mguu chini ya mzabibu. Mkono mmoja unashika shada, mwingine unapitisha kisu kwenye kikonyo, linaanguka, shada lingine. Beseni likijaa anakimbia nalo, nasema anakimbia, analimwaga kwenye tela, mtu aliyesimama juu ya tela anaokota majani na mashada mabovu, yeye tayari amerudi mstarini. Wengi wanalipwa kwa timu kulingana na tani kwa hiyo hakuna wa kuzembea. Wanafanya usiku ili zabibu ifike kiwandani ikiwa baridi, ikipigwa jua ndani ya kreti inaanza kuchacha kabla ya wakati. Mpaka jua linatoka nguo zimekakamaa kwa utomvu wa sukari, na mi lori langu limeshajaa.

Karibu wote ni Wamexico, wengine watoto na wajukuu wa waliokuja kwa ule mpango wa Bracero wa 1942 mpaka 1964, wa Marekani kuchukua vibarua kutoka Mexico. Na hapa ndipo penye doa la hiyo hifadhi na lazima nilitaje. Ukizuia kujenga nyumba zinakuwa chache, zikiwa chache bei inaruka, mvunaji hawezi kupanga Napa. Wengi wanatoka Vallejo na Fairfield, wanaamka usiku kuendesha kwenda kazini. Wenye mashamba walikubali kujitoza ada kwa kila ekari ya mizabibu kusaidia mabweni ya wavunaji, yako matatu, kila moja vitanda 60. Jumla 180 kwa bonde zima. Ni kitu kizuri lakini ni kidogo mno. Kwa hiyo sisi tukiiga tuige na hili mbele, mji wa Kasese uonyeshwe pa kukua, kule kwenye mawe na miinuko isiyolimika vizuri, nyumba zipande juu ghorofa, sio kusema tu msijenge.

Dereva_Mpondwe

Naongeza. Mto Nyamwamba ulituonyesha 2013, ukarudia 2020. Maji na mawe ya mlimani yakachukua nyumba, hospitali, madaraja. Na watu bado wanauziwa plot kando ya mto, napita na gari naona msingi mpya. Hii sio tu kilimo, chini ya bonde ni njia ya maji toka Mungu alivoumba.

BondeLetu_KSE

Ndugu yangu umenikumbusha kitu kikubwa. Mji wa Napa nao ulikuwa unafurika, mafuriko ya 1986 yalikuwa mabaya sana. Mwaka 1998 wakapiga kura kujiongezea kodi ya mauzo nusu senti kwa kila dola kwa miaka 20, na pesa hiyo hawakuimaliza kwenye kuta za zege tu. Waliamua mto urudishiwe nafasi yake, wakabomoa majengo yaliyoingia njia ya maji, wakainua madaraja, wakafungua mamia ya ekari za vinamasi kusini mwa mji ili maji yakija yatawanyike. Wenye mizabibu juu zaidi kule Rutherford nao wakakubali kutoa vipande vya mashamba yao kando ya mto, wakang'oa mizabibu inayolipa ili ukingo upanuliwe. Mtu kung'oa mzabibu wa Rutherford kwa hiari yake mjue ni uchungu kiasi gani.

Wakili_Mdogo

Wadau kwa upande wa sheria zetu. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 imetangaza nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango. Nchi nzima, sio miji tu. Maana yake hata kijijini ujenzi na mgawanyo wa ardhi unatakiwa upite kwenye kamati ya mipango ya wilaya au ya sub-county. Kwa hiyo chombo kipo. Mabroka wanapita kwa chairman wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, anapiga muhuri, biashara imekwisha, na kamati haijakaa. Pili Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu ukoo au kikundi kuunda chama cha ardhi ya pamoja na kupata cheti cha umiliki wa kimila. Dada MamaWaHima, nyie saba mngekuwa na chama hicho ekari tatu zingebaki moja, kila mtu ana haki yake kwenye mapato, na wa kuuza anaanza kwa ndugu zake kama mtakavyoandika kwenye katiba yenu.

MamaWaHima

Hapo sasa naelewa. Mimi fungu langu limeshaenda ila kaka zangu wanne hawajauza, ekari moja na nusu hivi iko pamoja bado na mtaro wa maji unapita pembeni. Shida ni mmoja yuko Kampala anataka pesa yake. Hicho chama kinamzuiaje?

Wakili_Mdogo

Hakimzuii kutaka pesa. Mnakubaliana bei ya ndani, ndugu wanamlipa kidogo kidogo kutoka mavuno, mnaandika, anaweka sahihi. Muhimu afanye hivo kabla hajamleta mpima ardhi, baada ya vigingi inakuwa ngumu sana.

Mgogo_Hombolo

Na ekari moja na nusu yenye mtaro wa maji sio ndogo kwa zabibu za kula dada yangu. Anza na robo ekari, nguzo na waya ndio gharama kubwa, miche ipandwe mita mbili hivi. Kama uko tayari nikupe mawasiliano ya kituo cha utafiti Makutupora, wana miche safi. Usinunue vijiti vya njiani vina magonjwa. Ila muulize afisa kilimo wa wilaya kwanza kuhusu kibali cha kuingiza miche kutoka nje ya nchi.

BondeLetu_KSE

Mgogo barikiwa. MamaWaHima ongea na kaka wa Kampala wiki hii hii usisubiri Krismasi. Wakili nakuomba uweke hapa fomu ya chama cha ardhi ya pamoja ikiwezekana na maelezo ya Kiswahili maana wazee wengi huku Kiingereza cha mahakama hawakiwezi. Mi naenda sub-county kuuliza kamati ya mipango inakaa lini na kama mkutano uko wazi kwa wananchi, nikipata tarehe naiweka hapa. Wenye mashamba kando ya mito ya Sebwe na Mubuku naomba mnitumie meseji, tuwe angalau ukoo tatu nne siku hiyo, mtu mmoja akienda pale hawamsikilizi.